Kabla ya kununua amplifaya ya besi, soma mgongo wake

Mfungo wa Ramadhani ukiisha na Kwaresima ikipita, soko la kukodisha muziki jijini Dar es Salaam huamka. Harusi, sendofu, kipaimara, mikutano ya injili na ngoma za mitaani huwania Jumamosi zile zile, na mwenye seti nzuri ya vyombo anaweza kupata kazi mbili kwa wikiendi moja. Ndiyo maana vijana wenye akiba kidogo, na hata watumishi wanaokaribia kustaafu, huiona biashara hii kuwa pahala pa kuweka mtaji.

Mteja wa siku hizi hapimi muziki kwa masikio, hupima kwa kifua. Singeli, Bongo Fleva na amapiano zote hubebwa na besi, na swali la kwanza la mwenye shughuli ni sabufa ngapi zitakuja. Lakini sabufa bila amplifaya inayoiweza ni kabati tu. Hapo ndipo mitaji mingi hupotea. Mnunuzi hulipia namba kubwa iliyo kwenye katoni, kumbe namba inayomhusu imeandikwa kwa herufi ndogo mgongoni mwa mashine na ndani ya kitabu chake.

Mwandishi wa safu hii halisemi jambo hili kwa kulisikia. Miaka michache iliyopita, mara baada ya kumaliza shahada ya biashara, nilichanga fedha na shemeji yangu tukanunua sabufa mbili za inchi 18, spika mbili za juu na amplifaya moja kutoka duka moja la Kariakoo. Katoni lilikuwa na maandishi ya rangi ya dhahabu: wati 3000. Muuzaji akatuambia, "Wakubwa, kwa mashine hii mtaa mzima utahama."

Jumamosi ya tatu tulikuwa kwenye harusi Mbagala. Taa nyekundu ya amplifaya iliwaka tangu maharusi walipoingia ukumbini na haikuzimika. Wakati wa kukata keki tulisikia ngurumo moja nzito, kisha moshi ukatoka kwenye boksi la kushoto na la kulia likanyamaza. Tulirudisha fedha ya watu, tukapakia vyombo huku wageni wakitutazama.

Fundi alipoifungua mashine alikuta transista za mwisho zimeungua na kupitisha mkondo mnyoofu hadi kwenye koili za spika. Ndipo tukafungua kitabu. Wati 3000 zilikuwa za kilele, kwa chaneli zote mbili kwa pamoja, kwa mzigo wa omu 2. Wati za mfululizo kwa chaneli moja zilikuwa 750 kwa omu 2, na 450 kwa omu 4. Sisi tulikuwa tumefunga sabufa zote mbili kwenye chaneli moja, yaani omu 4, na spika za juu kwenye chaneli ya pili. Kwa hiyo kila sabufa ilikuwa na haki ya wati 225 tu. Yote hayo yalikuwa yameandikwa. Tatizo ni kwamba hatukusoma.

WATI SI ZA AINA MOJA

Spika ya kazi huwa na namba tatu. Ya kwanza ni wati za mfululizo, ambazo vitabu vingi huziandika RMS. Ya pili ni wati za programu, ambazo kwa desturi ni mara mbili ya zile za mfululizo. Ya tatu ni za kilele, mara nne ya zile za mfululizo. Mathalani, sabufa ya JBL SRX718S, modeli ya miaka ya 2000 yenye spika moja ya inchi 18, iliandikwa wati 800, 1600 na 3200. Ni sabufa moja, na namba zote tatu ni halali. Muuzaji atakutajia ya mwisho. Wewe piga hesabu kwa ya kwanza.

Namba ya mfululizo inaheshimika kwa sababu ina jaribio nyuma yake. Kipimo cha AES cha mwaka 1984, kwa mfano, kilitaka spika ipigwe kelele ya majaribio kwa saa 2 bila kudhurika. Ukikuta mashine imeandikwa PMPO, ambayo haina kipimo kinachokubalika popote, rudisha fedha mfukoni uende duka la pili.

Kwa upande wa amplifaya kuna maswali matatu ya kuuliza. Wati hizo ni kwa omu ngapi? Ni kwa chaneli moja au zote? Na zimepimwa kwa masafa gani? Swali la tatu watu wengi hulipuuza. Amplifaya ya QSC RMX 2450 ilitangazwa na kiwanda chake kutoa wati 500 kwa omu 8 ilipopimwa kwa hezi 1000, lakini wati 450 ilipopimwa kwa masafa yote kuanzia hezi 20. Sabufa hufanya kazi kati ya hezi 30 na 120 hivi. Kiwanda kinachoonyesha namba zote mbili kinamtendea haki mnunuzi. Kile kinachoonyesha ya hezi 1000 pekee kinahitaji kuulizwa zaidi.

OMU NDIZO ZINAZOAMUA

Omu ni kipimo cha ukinzani ambao spika huupa mkondo wa umeme. Sabufa nyingi za kazi ni omu 8. Ukifunga mbili sambamba kwenye chaneli moja mzigo unakuwa omu 4. Ukifunga nne unakuwa omu 2. Kadiri omu zinavyopungua amplifaya husukuma mkondo mkubwa zaidi, hutoa wati zaidi na huchemka zaidi.

Tuendelee na RMX 2450. Kila chaneli yake ilitajwa kutoa wati 500 kwa omu 8, wati 750 kwa omu 4 na wati 1200 kwa omu 2. Gawanya sasa kwa idadi ya maboksi. Boksi moja linapata 500, mawili yanapata 375 kila moja, na manne yanapata 300 kila moja. Jumla imepanda lakini fungu la kila boksi limeshuka, wakati mashine imeongezewa joto. Mfanyabiashara anayeongeza maboksi juu ya amplifaya ile ile ajue kwamba anagawana mkate mmoja na walaji wengi.

Kuna pia ile njia ya kuunganisha chaneli mbili zikawa moja, ambayo mafundi huiita briji. Kwa njia hiyo mashine hiyo hiyo ilitajwa kutoa wati 2400 kwa omu 4, na hapo ndipo namba kubwa za kwenye matangazo hutoka. Tahadhari ni kwamba katika briji kila chaneli huhisi nusu ya omu zilizofungwa. Omu 4 za briji ni sawa na omu 2 kwa kila chaneli. Kwa joto la Dar es Salaam, ndani ya ukumbi wenye watu 400 na feni mbili, huko ni kuitafutia mashine homa. Ushauri wa safu hii ni kupanga kazi kwa omu 4 kwa chaneli, na kuziacha omu 2 ziwe za dharura tu, tena kwa mashine ambayo kitabu chake kinaziruhusu.

KIASI GANI KINATOSHA?

Kanuni inayotumiwa na watu wa kazi hii ni rahisi: wati za amplifaya, kwa omu utakazofunga, ziwe kati ya mara moja na mara mbili ya wati za mfululizo za spika. Ukiwa na sabufa mbili za wati 500 kila moja kwenye chaneli moja, tafuta amplifaya inayotoa kati ya wati 1000 na 2000 kwa chaneli kwa omu 4.

Ndani ya uwanja huo, uamuzi wako utokane na mtu atakayeshika mitambo. Kama una fundi mitambo wako mwenyewe, na kuna limita iliyopangwa ikafungwa, panda juu. Ile nafasi ya ziada hupitisha pigo la ngoma likiwa safi. Kama unakodisha vyombo vikaenda na mtu usiyemjua, kaa karibu na mara moja. DJ akishangiliwa hukumbuka kupandisha sauti, hakumbuki koili yako.

Hapa kuna imani mbili zinazopingana mitaani. Wengine husema amplifaya kubwa huua spika, wengine husema ndogo ndiyo huua. Kinachoua ni joto la koili, na mashine zote mbili zinaweza kulileta. Amplifaya ikisukumwa kupita uwezo wake hukata vichwa vya mawimbi ya sauti. Ndiyo ile taa nyekundu ya klipu. Wimbi lililokatwa vichwa hubeba nguvu nyingi zaidi, na kwa hali mbaya kabisa wastani wake hukaribia mara mbili ya wati zilizoandikwa. Mashine ya wati 1000 iliyokandamizwa usiku kucha yaweza kupeleka karibu wati 2000, nayo ikiendelea hivyo huchemka mpaka yenyewe ife. Hivyo ndivyo ilivyotokea Mbagala. Muziki wa dansi wa zamani uliipa koili nafasi ya kupumua kati ya mapigo. Besi ndefu ya amapiano na kasi ya singeli haziipi nafasi hiyo.

Jambo la pili ni mwendo wa spika. Boksi lenye tundu la hewa limepigiwa hesabu ya masafa yake. Chini ya hapo hewa haiishiki tena karatasi ya spika, nayo huyumba mpaka ichanike, hata kwa wati chache. Kwa hiyo amplifaya au krosova iwe na kichujio cha kukata masafa ya chini kabisa, kwa kawaida kati ya hezi 30 na 40, kama kitabu cha sabufa kinavyoelekeza.

SHILINGI IENDE KWENYE BOKSI LA PILI

Mwenye sabufa moja akiona besi haitoshi, wazo la kwanza ni kununua amplifaya kubwa zaidi. Hesabu inasema vingine. Kuongeza wati mara mbili huongeza sauti kwa desibeli 3 tu, nyongeza ambayo mgeni aliyekaa meza ya nyuma ataisikia kidogo. Ili sikio la kawaida lihisi sauti imekuwa maradufu zinatakiwa desibeli 10 hivi, yaani wati mara kumi.

Lakini ukinunua sabufa ya pili ya aina ile ile, ukaipa wati zake kamili na kuiweka ubavuni mwa ya kwanza, nyongeza yaweza kufika desibeli 6. Sababu ni urefu wa mawimbi ya besi. Wimbi la hezi 80 lina urefu wa mita 4.3 hivi, kwa hiyo maboksi yaliyobanana husukuma hewa kama boksi moja kubwa. Ukiyatenganisha, moja kila pembe ya ukumbi, kuna meza zitakazopata besi nyingi na nyingine zitakazokosa.

Hali kadhalika, angalia unyeti wa sabufa yenyewe, yaani desibeli inazotoa kwa wati 1 kwa umbali wa mita 1. Boksi la desibeli 98 likipewa wati 500 linakwenda sawa na boksi la desibeli 95 lililopewa wati 1000. Tofauti ya desibeli 3 kwenye karatasi ni sawa na kununua amplifaya nyingine.

Aidha, kelele nayo ina sheria. Kanuni za mwaka 2015 za viwango vya kelele na mitetemo, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zinamhusu pia mwenye vyombo. Besi hupita ukutani. Muulize mwenye shughuli kuhusu kibali na saa za mwisho kabla ya kupokea fedha ya awali.

UMEME NA WAYA

Plagi yetu ya kawaida ina fyuzi ya ampea 13. Kwa volti 230 hiyo ni wati 2990. Muziki huja kwa mapigo, na kapasita za amplifaya huweka akiba ya kupitisha pigo fupi kubwa kuliko hapo. Lakini hakuna mashine itakayotoa wati 10,000 mfululizo kutoka plagi moja. Anayekuambia hivyo anauza hadithi.

Umeme ukishuka, wati nazo hushuka, tena kwa mraba. Amplifaya yenye transfoma ya kawaida ikipata volti 180 badala ya 230 hubakiwa na asilimia 61 ya nguvu zake. Fundi asiyejua hilo hupandisha sauti kufidia, taa nyekundu ikawaka. Beba kipima volti, na uzoee kupima soketi ya ukumbi kabla ya kuwasha chochote.

Waya wa spika nao hula fedha kimyakimya. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, wenye urefu wa mita 20 kutoka jukwaani, hupoteza karibu asilimia 20 ya nguvu kwa mzigo wa omu 4, na theluthi moja kwa omu 2. Ukitumia wa milimita 4 upotevu kwa omu 4 hushuka hadi asilimia 8 hivi. Mtu hulipa mamilioni kwa mashine, kisha akaibana koo kwa waya wa bei poa.

NZITO AU NYEPESI?

Amplifaya za zamani zenye transfoma kubwa ni nzito, na katika matumizi ya kawaida hugeuza zaidi ya nusu ya umeme kuwa joto. Faida yake ni kwamba mafundi wengi wa mjini wanazijua, na transista zake hubadilishika. Mashine mpya za aina ya D ni nyepesi na zikifanya kazi nzito hutumia vizuri zaidi ya asilimia 80 ya umeme, jambo lenye maana kubwa kwa anayelipia mafuta ya jenereta. Kasoro yake ni kwamba saketi zake zimesongamana. Ikifa, mara nyingi hubadilishwa bodi nzima, na bodi hiyo yaweza kukosekana sokoni.

Kuna pia sabufa zenye amplifaya ndani yake. Hizi zimeondoa hesabu zote za omu, kwa kuwa kiwanda kimekwisha kuzioanisha, na limita yake huwa imepangwa. Kwa mtu asiye na fundi, ni chaguo la kufikiriwa. Ila kila boksi linahitaji waya wa umeme, na amplifaya yake ikifa usiku huwezi kuazima ya pembeni.

Jihadhari na nakala. Amplifaya ya Sweden ya Lab.gruppen FP 10000Q, kwa mfano, imenakiliwa na viwanda vingi. Baadhi ya nakala hufanya kazi, lakini namba zilizobandikwa zilipimwa kwenye mashine halisi, si kwenye nakala uliyoshika.

HESABU YA MTAJI

Tuchukue mfano. Tuseme seti nzima imegharimu sh. 12,000,000. Shughuli moja inalipa sh. 300,000, usafiri, fundi na mafuta vinachukua sh. 120,000, unabaki na sh. 180,000. Kwa shughuli 4 kwa mwezi faida ni sh. 720,000, na mtaji unarudi katika mwezi wa 17.

Sasa tuseme koili inaungua mara moja. Unarudisha sh. 300,000 za mteja, unatengeneza kwa sh. 200,000, na kwa wiki mbili unakosa shughuli 2, yaani sh. 360,000. Jumla ni sh. 860,000. Usiku mmoja umekula faida ya zaidi ya mwezi mzima, na hapo hujahesabu wateja watakaosimuliana. Tofauti ya bei kati ya amplifaya inayotosha na isiyotosha ipimwe dhidi ya namba hii, wala si dhidi ya fedha iliyomo mfukoni siku ya kununua.

KABLA YA KUTOA FEDHA

1. Andika omu na wati za mfululizo za sabufa zako kwenye karatasi, uende nayo dukani.

2. Soma mgongo na kitabu cha amplifaya: wati za mfululizo kwa chaneli kwa omu 4, chaneli zote zikifanya kazi.

3. Uliza kama ina kinga ya mkondo mnyoofu, kinga ya joto na limita. Kinga ya kwanza ndiyo iliyokosekana kwenye mashine yetu.

4. Uliza nani ataitengeneza, na kama vipuri vyake vipo mjini.

5. Ijaribu dukani kwa nusu saa ikiwa na mzigo wa sabufa, kisha weka mkono mahali inapotoa hewa ya moto.

6. Acha fungu la bajeti kwa waya mzuri na mashine ndogo ya akiba.

Shemeji yangu na mimi tulianza upya baada ya mwaka mmoja na nusu, kwa amplifaya ambayo katoni lake halikuwa na dhahabu yoyote, iliyoandikwa wati 1100 kwa omu 4. Ndiyo tunayofanya nayo kazi hadi leo, na taa yake nyekundu huiona fundi peke yake, tena kwa nadra.